Mfuko wa mkojo wenye chemba ya kupimia: unastahili bei yake kwenye wodi za Tanga?

Ukiingia duka la vifaa tiba mjini Tanga ukaomba mfuko wa mkojo, utapewa ule wa kawaida: plastiki laini, lita mbili, mistari ya mililita mia mia. Wa pili itabidi uueleze ndipo utolewe ndani, kwa sababu wanunuzi wake ni wachache. Una mfuko uleule wa lita mbili au zaidi kidogo, ila juu yake kuna chemba ya plastiki ngumu iliyogawanywa vyumba vyembamba. Mkojo unapita kwenye chemba kwanza, unasomwa, kisha unashushwa mfukoni. Bei yake ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, na ndugu wa mgonjwa aliyetumwa na karatasi mkononi ana haki ya kuuliza tofauti hiyo ya fedha inanunua nini.

Jibu letu: inanunua uwezo wa kuona figo zinaanza kushindwa siku hiyohiyo, badala ya kuambiwa na maabara kesho kutwa. Kwa wagonjwa wachache wanaojulikana, fedha hiyo ni halali yake. Kwa wengine wote mfuko wa kawaida na jagi la kupimia vinatosha, na wengi wa hao hawakuhitaji hata mpira wa mkojo (katheta, unaoingizwa kibofuni).

Kwanza vigezo, maana bila hivyo chemba ni pambo. Mwaka 2012 kundi la kimataifa la wataalamu wa figo, KDIGO, lilitoa mwongozo ambao mahospitali mengi yanautumia. Figo huhesabiwa kuwa zimeumia ghafla ikiwa kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) imepanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita (maikromoli 26.5 kwa lita) au zaidi ndani ya saa 48, au imefika mara 1.5 ya kiwango cha mgonjwa cha awali ndani ya siku 7, au mkojo umekuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kimoja kati ya hivyo kinatosha. Mkojo ukibaki hapo kwa saa 12, ni hatua ya pili. Ukishuka chini ya mililita 0.3 kwa kilo kwa saa kwa saa 24, au usipotoka kabisa kwa saa 12, ni hatua ya tatu, na hapo mazungumzo ya kusafisha damu yameshaanza kukaribia.

Kreatinini huchelewa. Figo zinaweza kuacha kuchuja asubuhi, na damu iliyochukuliwa jioni ikatoa jibu la kawaida, kwa kuwa taka hiyo hujikusanya taratibu; mara nyingi kupanda kwake huonekana wazi baada ya siku moja au mbili. Mkojo hupungua ndani ya saa zilezile ambazo shinikizo la damu limeshuka. Saa hizo ndizo zenye faida: mgonjwa aliyepungukiwa maji anaweza kupewa, aliyeandikiwa dawa zinazoweza kuumiza figo, kama diklofenaki au jentamaisini, akasitishiwa, anayevuja damu akatafutiwa chanzo, na figo zikarudi. Zikipita, tishu ya figo inaanza kufa na matibabu yanakuwa ya kusubiri.

Kwa nini mfuko wa kawaida hauoni

Mgonjwa wa kilo 60 ana mpaka wa mililita 30 kwa saa. Wa kilo 50, mililita 25. Wa kilo 80, mililita 40. Sasa tazama mistari ya mfuko laini: wa kwanza uko kwenye mililita 50 au 100, na plastiki inavimba, inajikunja, inalalia ubavu wa kitanda. Mistari ile ni makadirio tu. Mililita 30 ndani ya mfuko ule ni unyevu uliojikusanya kwenye kona ya chini.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalihesabu, nalo ni mrija wenyewe, unaotoka kwenye mpira hadi mfukoni. Mrija wa sentimita 120 wenye tundu la milimita 6 unabeba mililita 34 ukijaa. Tundu likiwa la milimita 7, unabeba mililita 46. Maana yake mkojo wote wa saa nzima wa mgonjwa wa kilo 60 unaweza kukaa ndani ya mrija uliolegea na kuning'inia chini ya kitanda, na mfukoni kusionekane kitu. Saa inayofuata mtu akausogeza, zikashuka mililita 70 kwa mpigo. Chati itaandikwa sifuri, kisha 70, na zote mbili ni uongo. Kosa hili linaupata pia mfuko wenye chemba, na ndiyo maana tunasema kununua hakumalizi kazi.

Jinsi chemba inavyosomeka

Mpangilio mzuri, na ndio wa kuutafuta, ni huu: chumba cha kwanza chembamba kinasomeka mililita moja moja hadi 40, kinachofuata tano tano hadi 90, kisha chumba kipana kumi kumi hadi 500. Chumba chembamba ndicho unachokilipia. Pale ambapo jibu linabadilisha matibabu, kati ya mililita 10 na 40, ndipo macho yanapata mstari kwa kila mililita. Baadhi ya mifuko ya bei ya chini ina chemba moja pana yenye mistari ya kumi kumi kuanzia chini. Hiyo tumeiweka karibu na mfuko wa kawaida, kwa sababu kwa mwanamke wa kilo 48 huwezi kutofautisha 18 na 26.

Upande wa pili wa kipimo nao una kazi. Mgonjwa aliyekuwa ameziba kwa tezi dume, akawekewa mpira, anaweza kuanza kutoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, na ikiendelea hivyo kwa zaidi ya saa mbili mfululizo lazima afuatiliwe maji na chumvi zake asije akakauka. Chemba ya 500 inalibeba hilo. Ya 200 itafurika ndani ya saa moja na kumwaga mfukoni bila kuhesabu.

Plastiki ngumu isiyo na rangi ina faida nyingine, nayo ni kuona rangi ya mkojo wa saa hii bila kuuchanganya na wa jana. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa mgonjwa wa malaria kali au aliyeangukiwa na kitu kizito kikamponda misuli, unatakiwa kumfikia daktari wa zamu mara moja, hata kama kiasi chake bado ni kizuri.

Kuufunga

Unganisha mfuko na mpira kabla mpira haujaingia kwa mgonjwa, ili njia yote ibaki imefungwa tangu mwanzo. Kwa mtu mzima mpira wa namba 14 au 16 unatosha. Namba kubwa zaidi haileti mkojo zaidi, inaumiza njia. Puto linaloushikilia mpira kibofuni lijazwe kwa maji ya sindano, kwa kawaida mililita 10, au kiasi kilichoandikwa kwenye mpira wenyewe. Usitumie maji ya chumvi, kwani chumvi huganda kwenye njia nyembamba ya puto na siku ya kutoa linagoma kunywea. Kwa mwanaume sukuma mpira hadi kwenye maungio yake, pale njia ya puto inapotengana, na uone mkojo ndipo ujaze puto. Puto lililojazwa likiwa bado kwenye njia ya mkojo ni maumivu, damu na chati ya sifuri isiyo ya kweli.

Mpira ufungwe pajani kwa plasta. Joto la Tanga la Februari na Machi linaifanya plasta iachie kwa jasho ndani ya saa chache, kwa hiyo kausha ngozi kwanza, na kama eneo lina nywele nyingi zipunguze kwa mkasi. Mpira ukivutwa na uzito wa chemba, mgonjwa atahisi haja ya mkojo muda wote na ataung'oa usiku.

Chemba lazima ining'inie wima. Huu ni udhaifu wa kifaa chenyewe: ukiinama, mkojo unatoka chumba chembamba kwenda kipana na kipimo cha saa hiyo kimekufa. Ndoano za mifuko mingi zimetengenezwa kwa reli nyembamba za vitanda vya kisasa. Kwenye vitanda vya chuma vya zamani hazikai vizuri, zinateleza, na mtu huishia kuuweka mfuko sakafuni. Kata kipande cha bandeji, pitisha kwenye matundu mawili ya juu, funga kwenye fremu sehemu mbili ili usizunguke. Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote na usiguse sakafu. Ukinyanyuliwa juu ya mgonjwa, mkojo wa zamani unarudi kibofuni pamoja na vijidudu vyake. Mgonjwa akipelekwa picha au chumba cha upasuaji, soma chemba, andika, ishushe yote mfukoni, ndipo machela yaondoke.

Kisha uzito. Uandike juu ya chati kabla ya kipimo cha kwanza, na pembeni yake andika hesabu tayari: "kilo 60, mpaka 30 kwa saa, 180 kwa saa 6." Muuguzi wa usiku mwenye wodi iliyojaa hawezi kukaa akipiga hesabu ya kila kitanda. Kwa mgonjwa aliyevimba maji au mnene sana, tumia uzito unaolingana na urefu wake, la sivyo mpaka unapanda na kila mtu ataonekana ana figo mbovu.

Saa za chati ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa moja usiku ni 19:00. Ndugu anayesaidia kutazama atasema "saa moja" kwa zote mbili, na kwenye makabidhiano ya zamu hilo linapoteza nusu siku.

Yanayoharibika

La kwanza kwa wingi ni koki ya chemba kuachwa wazi. Kila saa ukimaliza kusoma unafungua koki, au unainua chemba kwa aina nyingine, mkojo unashuka mfukoni, kisha unafunga. Usipofunga, mkojo wote wa saa inayofuata unapita moja kwa moja na chemba inaonyesha sifuri. Watu wamekimbilia dripu kwa sababu ya koki. Kinyume chake pia hutokea: chemba haikushushwa, saa ya pili ikaandikwa jumla ya saa mbili, na mgonjwa mwenye mililita 20 kwa saa akaonekana ana 40.

La pili ni chujio la hewa. Juu ya chemba kuna kidirisha kidogo cheupe kinachopitisha hewa bila kupitisha maji. Mfuko ukilazwa chali au chemba ikijaa kupita kiasi, kidirisha kinalowa na kuziba. Hewa isipoingia wala kutoka, mkojo unasita ndani ya mrija. Dalili yake ni mrija uliojaa huku chemba ni tupu. Likishalowa kabisa halirudi vizuri. Badilisha mfuko kwa usafi uleule wa mwanzo.

La tatu ni mrija wenyewe: umekaliwa na paja, umebanwa na godoro, au umeshuka chini na kupanda tena kama kona ya bomba la sinki. Sehemu iliyoshuka inajaa mkojo, na mkojo huo unazuia ule unaotoka kibofuni. Mrija ushuke moja kwa moja kutoka pajani hadi kwenye chemba, na urefu uliozidi uzungushwe juu ya shuka, usining'inie. Kabla ya kila usomaji nyanyua mrija kidogo kidogo kuanzia upande wa mgonjwa ili kilichobaki kishuke. Sekunde kumi hizi ndizo zinazokufanya uamini namba.

Maandishi ya kipimo nayo hufutika. Kwenye mifuko dhaifu yamechapwa juu juu, na ukifuta kwa spiriti mara mbili tatu, mistari ya chini inapotea, ile ile unayoihitaji. Nyingine hazisomeki usiku umeme ukikatika. Zenye mistari myeusi iliyokolea zinaonekana hata kwa tochi ya simu ukiimulika kwa nyuma.

Chemba ikisoma sifuri, fuata mpangilio. Koki kwanza. Halafu mrija wote kwa mkono, toka mfukoni hadi kwenye mwili. Halafu chujio. Halafu bonyeza tumbo la chini juu ya mfupa wa kinena: kibofu kilichojaa kinahisika na mgonjwa atalalamika. Kikiwa kimejaa, mpira umeziba au haukufika. Kwa ruhusa ya daktari usafishwe kwa maji ya chumvi safi, mililita 30 hadi 50, kwa bomba la sindano lenye mdomo mpana, kwa usafi kamili, au ubadilishwe. Mkojo uliokuwa unatoka vizuri ukakatika ghafla kabisa, dhania kuziba kwanza kabla ya kuzisingizia figo. Kibofu kikiwa kitupu na njia iko wazi, hapo ndipo namba ni ya kweli, na anayeitwa aambiwe pamoja na shinikizo la damu, mapigo, maji aliyopata tangu asubuhi na dawa zote alizo nazo.

Wodi ya wazazi

Kama hospitali ina fedha ya mifuko michache tu, tungeanza kuipeleka huku. Mama mwenye kifafa cha mimba anayechomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwa misuli, gramu 5 kila saa 4 baada ya dozi ya kuanzia, hatakiwi kupewa dozi inayofuata kabla ya kuhakikisha mambo matatu: goti linaruka likigongwa, anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo umekuwa angalau mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Magnesiamu inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikisita inajikusanya, goti linaacha kuruka, kisha pumzi inafuata. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, iwe imewekwa tayari kando ya kitanda.

Mililita 120 kwa saa 4 zinaweza kukadiriwa kwa mfuko wa kawaida, lakini kati ya 90 na 130 kuna uamuzi mzito, na mfuko laini hauwezi kuutoa. Chemba inautoa bila ubishi. Vilevile kifafa cha mimba ni ugonjwa ambao wenyewe unaziumiza figo, kwa hiyo namba moja inafanya kazi mbili.

Wanaofuata kwetu ni wagonjwa mahututi wenye maambukizi yaliyoshusha shinikizo la damu, walioungua sehemu kubwa ya mwili (lengo kwa mtu mzima ni kama mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa mtoto mililita 1), na waliotoka upasuaji mkubwa wakiwa wamepoteza damu nyingi.

Namba ndogo si agizo la kufungua dripu

Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu chemba inampa mtu namba kila saa, na namba inamsukuma kutenda. Mkoa wa Tanga una sababu yake ya kulikumbuka. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo ya hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, wa watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Waliopewa maji mengi ya haraka ya mshipa walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji, dhidi ya asilimia 7.3 kwa ambao hawakupewa maji hayo ya haraka. Watoto wa kuharisha hawakuwamo kwenye utafiti huo. Hao wanahitaji maji yao kwa mpango wao. Lakini mtoto wa malaria kali mwenye mkojo kidogo hatakiwi kumiminiwa lita kwa sababu chemba imesoma chini.

Kwa mtu mzima pia, kabla ya kuongeza maji angalia kama mapafu yana maji, miguu imevimba, na chati ya jana inaonyesha ameingiza kiasi gani kuliko alichotoa. Figo zilizokwisha kuumia hazifunguliwi kwa lita za ziada. Maji yanakwenda mapafuni. Furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, nayo hairekebishi figo. Ina nafasi yake pale mgonjwa amejaa maji, na ikishatolewa, andika saa yake kwenye chati kwa wino unaoonekana, kwa sababu mkojo wa saa zinazofuata ni kazi ya dawa na hauelezi hali ya figo.

Na kuna figo ambazo mfuko huu hauzioni kabisa. Mgonjwa wa jentamaisini kwa siku sita au saba anaweza kutoa lita moja na nusu kwa siku huku kreatinini inapanda. Mkojo upo, uchujaji haupo. Kwa hiyo mwenye mfuko huu bado apimwe kreatinini siku anayolazwa, ili kuwe na namba ya kulinganisha, na irudiwe kila siku moja au mbili akiwa kwenye hatari. Hospitali inayonunua chemba kisha ikabana kipimo cha damu imefanya nusu ya kazi.

Upande wa maji yanayoingia

Chemba inapima mkojo unaotoka kwa mililita moja moja, huku maji yanayoingia yanaandikwa "uji, maji." Pima kikombe cha wodi mara moja, andika ujazo wake kwenye kuta za kikombe, basi. Ndugu washirikishwe tangu siku ya kwanza, maana wao ndio wanaonywesha, na kwa nia njema wao ndio wanaomwaga mfuko ukijaa. "Mama, huu mkojo usiumwage, tunauhesabu, ukifika mstari huu niite," inatosha ikisemwa mapema na kwa heshima.

Waambiwe pia kuhusu madafu na machungwa. Pwani hii mgonjwa akiishiwa nguvu huletewa dafu, na machungwa ya Muheza yanafika kitandani kwa kikapu. Vyote vina potasiamu nyingi. Kwa mtu ambaye mkojo wake umeshuka chini ya mpaka, potasiamu haina pa kutokea, na ikipanda inasimamisha moyo. Zuio hilo ni la muda, hadi mkojo na vipimo virudi.

Ukiukosa

Mfuko wa kawaida wenye koki ya chini, pamoja na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita kumi kumi, unatoa jibu la kuaminika kwa kila saa 6. Nyoosha mrija, fungua koki ndani ya jagi, soma jagi likiwa juu ya meza kwa usawa wa macho, funga, futa mdomo wa koki kwa spiriti. Kwa kilo 60 unatafuta angalau mililita 180. Kigezo cha KDIGO kinaanzia kwenye saa 6, kwa hiyo hujapoteza kitu kikubwa kwa mgonjwa wa wodi ya kawaida. Usiifungue kila saa kwa kuiga chemba: kila ufunguzi ni mlango wa vijidudu. Na jagi ni la mgonjwa mmoja. Likizunguka kitanda kwa kitanda linagawa maambukizi.

Mgonjwa anayejitambua na kukojoa mwenyewe apewe chupa au beseni, na kiasi kiandikwe. Mtoto mchanga apimiwe nepi kwa mizani ndogo, kavu kisha iliyolowa. Gramu moja ni takriban mililita moja. Kwa mtoto wa kilo 5, ambaye mpaka wake ni mililita 2.5 kwa saa, hata chemba bora haina faida: mrija wa mtu mzima unameza mkojo wake wa saa kumi na zaidi.

Mpira wa mkojo una gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kila siku unayokaa, uwezekano wa vijidudu kuonekana kwenye mkojo unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Kwa hiyo kila asubuhi kwenye mzunguko wa madaktari swali liwe moja: leo namba ya kila saa itabadilisha nini? Ikikosekana sababu, utolewe siku hiyo, hata kama mfuko ni mpya na wa gharama. Mfuko wenyewe haubadilishwi kwa mazoea ya siku fulani. Unabadilishwa ukivuja, ukiziba, au njia ikifunguka. Kuuosha na kumpa mgonjwa mwingine ni marufuku, hata stoo ikiwa tupu.

Dukani

Usilipe kabla ya kuushika. Pakiti iwe haijatoboka, tarehe ya kuisha isomeke, na iandikwe kuwa ni safi na ya kutumika mara moja. Pakiti iliyokaa kwenye dirisha la jua, plastiki yake imegeuka manjano, irudishe. Kwa juujuu ya pakiti unaweza kuona kama chumba chembamba kipo na kama kinaanzia mililita 1. Angalia kuwa mfuko una koki ya kumwagia chini. Isiyo nayo itakulazimisha kuchomoa mrija kila ukijaa, na hapo njia imefunguka. Kuwe na valvu ya kuzuia mkojo kurudi, na sehemu ya kuchukulia sampuli kwenye mrija, kwa kuwa mkojo wa maabara hauchukuliwi mfukoni. Mrija uwe mgumu kiasi: ukunje kwa vidole ndani ya pakiti uachie, ukibaki na alama ya kukunjika, utabanwa na paja usiku huohuo. Na uliza kama mdomo wake unaingia kwenye mpira ulionunua, hasa kama vimetoka kwa watengenezaji wawili tofauti.

Mwenye duka akikuambia wenye chemba umekwisha na kuna ule wa chemba pana ya kumi kumi kwa bei karibu sawa, mwachie. Chukua wa kawaida wenye koki, ongeza jagi, na mjulishe muuguzi ili chati iandikwe kwa saa 6 badala ya moja.